Visivyochangamana si Visivyopatana: Kuhusu Neno "Immiscible"

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafasiri kwa Kiswahili mwongozo wa usalama wa maabara ulioandikwa kwa Kiingereza. Katika sura ya pili nimekutana na sentensi isemayo kwamba vimiminika viwili fulani ni "immiscible", na katika sura ya sita, inayohusu namna ya kupanga kemikali kwenye rafu, imetolewa orodha ya vitu ambavyo ni "incompatible". Kamusi ndogo niliyo nayo inayaeleza maneno yote mawili kwa kitenzi kimoja, kutopatana, kwa hiyo nimeandika "visivyopatana" kote. Mwenzangu aliyeisoma rasimu amesema nimeharibu maana, ila hakuweza kunipa neno jingine. Je, tofauti ya maneno haya ni ipi hasa, na hilo la kwanza hutumikaje?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amesema kweli, na ninakusihi usiitoe rasimu hiyo kabla ya kuirekebisha, kwa kuwa katika mwongozo wa usalama kosa la aina hii laweza kumuumiza mtu.

Tuanze na neno lenyewe. "Immiscible" ni kivumishi kilichojengwa juu ya kitenzi cha Kilatini "miscere", yaani kuchanganya, kikatanguliwa na kiambishi cha ukanushi "in-", ambacho hugeuka kuwa "im-" kinapokutana na herufi m. Ndiyo maana neno lina m mbili, na wanaoliandika kwa m moja hulikosea. Kinyume chake ni "miscible". Maana yake ni finyu na ya kitaalamu: husemwa juu ya vimiminika viwili au zaidi ambavyo, hata ukivitikisa pamoja kwa nguvu, havifanyi kimiminika kimoja kilicho sawa kila mahali, bali hurudi na kujitenga kwa matabaka, na kati ya tabaka na tabaka huonekana mpaka ulio wazi.

Chukua chupa ya kioo, utie maji hadi nusu, uongeze mafuta ya kupikia kiasi cha vidole viwili, ufunge kizibo na kutikisa. Kwa sekunde chache utaona rangi ya maziwamaziwa, kama kwamba vitu hivyo vimekuwa kitu kimoja. Sasa iweke chupa mezani na uitazame kwa makini. Matone madogo ya mafuta hupanda, yakikutana huungana na kuwa matone makubwa, nayo makubwa hupanda upesi zaidi, mpaka baada ya muda mfupi mafuta yote yamekaa juu na maji yote yamekaa chini. Hakuna kilichoharibika: mafuta ni yaleyale, maji ni yaleyale, joto halikupanda, gesi haikutoka. Huo ndio uzima wa maana ya "immiscible", na hauna ugomvi wowote ndani yake. Molekuli za maji zina ncha moja yenye chaji chanya kidogo na nyingine yenye chaji hasi kidogo, kwa hiyo hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu. Molekuli za mafuta hazina ncha za namna hiyo, basi hukosa pa kujipenyeza. Maji hayayachukii mafuta. Yanapendana yenyewe zaidi.

"Incompatible", kwa lugha ya maabara na ya bohari, ni jambo jingine kabisa. Ni vitu ambavyo vikikutana huathiriana kwa namna yenye madhara: hulipuka, huwaka, hutoa gesi ya sumu, huchemka ghafla, au huharibiana tu hadi kimoja kisifae tena kwa kazi yake. Mfano ulio karibu na kila mtu ni dawa ya maji ya kung'arishia nguo, ambayo kiini chake ni hipokloriti ya sodiamu. Ikichanganywa na kisafishio chenye asidi, hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Ikichanganywa na kisafishio chenye amonia, hutoa mvuke wa kloramini, nao ni wa hatari vilevile. Zingatia jambo moja hapa, maana ndilo lililonifanya niandike jibu refu: vimiminika hivyo vyote vimetengenezwa kwa maji, kwa hiyo vinachangamana vizuri mno, papo hapo, bila tabaka wala mpaka. Kwa Kiingereza ni "miscible" na wakati huohuo ni "incompatible". Mafuta na maji, kinyume chake, ni "immiscible", lakini ukiyaweka rafu moja kwa miaka kumi hayamdhuru mtu.

Kwa hiyo tafsiri yako, kwa kuyaita yote mawili "visivyopatana", inamfundisha msomaji kwamba hali hizo mbili ni moja. Atajaribu mafuta na maji, ataona hakuna baya lililotokea, kisha atafika sura ya sita na kusoma kwamba asidi na ile dawa ya nguo nazo "hazipatani". Atatarajia nini, ila matabaka mawili yaliyotulia?

Waandishi wa karatasi za taarifa za usalama, zile zinazoambatana na kemikali zinapouzwa, wamelitenganisha jambo hili waziwazi. Kwa mujibu wa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, karatasi hiyo ina sehemu 16. Habari ya kama kitu kinaingia katika maji au la imo katika sehemu ya 9, pamoja na sifa nyingine za kimaumbile kama rangi, harufu na kiwango cha kuchemka. Habari ya vitu visivyofaa kukutana nacho imo katika sehemu ya 10, inayohusu uthabiti na uwezo wa kuathiriana, na hukumbushwa tena katika sehemu ya 7, inayohusu uhifadhi. Ukifasiri karatasi ya namna hiyo, neno moja haliwezi kufanya kazi ya sehemu hizo zote.

Wauguzi na wafamasia nao hutumia "incompatible" kwa maana hiyohiyo ya madhara. Dawa ya seftriaksoni ikikutana ndani ya mrija mmoja na dripu yenye kalsiamu hufanya chembe ngumu, ingawa kila moja peke yake ni maji maangavu, ndiyo maana wauguzi hufundishwa kutoziunganisha. Damu pia: tangu daktari Karl Landsteiner alipoeleza makundi ya damu mwaka 1901, tumejua kwamba damu ya mtu mmoja yaweza kuigandisha ya mwingine. Hakuna daktari atakayeziita damu hizo "immiscible", kwa sababu kuchangamana zinachangamana. Balaa liko baada ya kuchangamana.

Kuna neno la tatu linalozidi kuwavuruga wafasiri, nalo ni "insoluble". Zamani nilihariri kitini cha kemia ambamo "immiscible" na "insoluble" yote yalikuwa yameandikwa "-sioyeyuka", nami nikaacha yapite. Baadaye mwanafunzi mmoja akaniuliza: mafuta yatawezaje kutoyeyuka ilhali tayari ni kimiminika? Sikuwa na la kumjibu, na swali lake limenikaa hadi leo. Kitenzi "kuyeyuka" katika Kiswahili kimebeba mizigo miwili: barafu inayeyuka kwa joto, na sukari inayeyuka katika maji. Unapokitumia juu ya mafuta, msomaji anafikiria joto. Kwa sababu hiyo ninashauri "insoluble" ifasiriwe kwa "-siomumunyika", na itumike hasa kwa yabisi, kama mchanga usiomumunyika katika maji. Si kosa kwa Kiingereza kuyaita mafuta "insoluble in water", na utaliona hilo mara nyingi. Lakini "immiscible" huhusu vimiminika pande zote mbili, na mchanga hauwezi kuitwa hivyo. Gesi nazo, kwa kawaida, huchangamana zote kwa kiasi chochote, basi huku pia neno hili halina kazi.

Sasa neno lenyewe la Kiswahili. Wengi huandika "visivyochanganyika", na siwezi kusema wamekosea, kwa kuwa linaeleweka. Hata hivyo linanipa shida moja. Kuchanganya ni tendo la mkono: ukitia mafuta na maji katika chupa moja na kutikisa, umekwisha kuyachanganya, na kilichomo ndani ni mchanganyiko. Kinachokosekana ni hatua ya pili, ya vitu vyenyewe kushikana. Kwa hatua hiyo Kiswahili kina kiambishi "-mana", lile tunalolisikia katika kushikamana, kufungamana na kusongamana, na kutokana nalo tunapata kuchangamana. Basi sentensi "niliyachanganya mafuta na maji lakini hayakuchangamana" ni Kiswahili safi, inaeleza jambo lote, na haijipingi. Ukisema "niliyachanganya lakini hayakuchanganyika" utaeleweka, ila sikio linasitasita.

Wapo wanaopendelea "kutangamana", nao wana ushahidi wa kale, maana wahenga walisema "lila na fila havitangamani", wakimaanisha wema na ubaya haviwezi kukaa pamoja. Ninalipenda sana neno hilo. Lakini siku hizi kutangamana kumehamia kwa watu na jamii; tunatangamana na majirani, tunazungumza juu ya mtangamano wa nchi. Katika kitabu cha kemia ningeliacha lipumzike na kuchukua "kuchangamana".

Kumbuka pia kwamba Kiingereza kina kivumishi kisichobadilika, na sisi tunalazimika kutumia kirejeshi kinachofuata ngeli. Utaandika vimiminika visivyochangamana, mafuta yasiyochangamana na maji, metali zisizochangamana, kiyeyushi kisichochangamana na maji. Katika kamusi au faharasa, ambapo hakuna nomino ya kuifuata, andika "-siochangamana" na kistari mbele. Kwa "incompatible" ya sura yako ya sita, "visivyopatana" peke yake ni laini mno. Mimi ningeandika kwa maneno mengi zaidi: "vitu ambavyo ni hatari kukutanishwa". Ni refu, lakini aliye mbele ya rafu akiwa na chupa mkononi ataelewa bila kuuliza. Kwa vifaa na programu za kompyuta, ambako hakuna anayeungua, "-siooana" linatosha.

Jambo moja lililobaki ni kipimo. Kamusi nyingi hueleza "immiscible" kana kwamba vimiminika ama vinachangamana kabisa ama havichangamani hata chembe, na hali halisi si hiyo. Ethanoli na maji huchangamana kwa kiasi chochote utakacho, tena hushikana kiasi kwamba ukijumlisha mililita 50 za moja na mililita 50 za nyingine hupati 100 bali 96 au 97. Upande wa pili uko mafuta na maji. Katikati iko etha, kiyeyushi chepesi ambacho huingia katika maji gramu 6 hadi 7 tu kwa kila mililita 100, na iliyozidi hukaa juu kama tabaka. Fenoli na maji hutegemea joto: katika joto la kawaida hufanya matabaka mawili, lakini ukipasha hadi kupita nyuzi 66 hivi za Selsiasi mpaka hutoweka na vyote huwa kimoja. Trietilamini na maji hufanya kinyume, kwa kuchangamana katika baridi na kujitenga joto likipita nyuzi 18 au 19. Kwa hiyo mwandishi makini hutaja joto, na hutumia "partially miscible" pale panapostahili, nasi tutasema "vinavyochangamana kwa kiasi".

Waliojifunza kuishi na hali hii wamepata faida kubwa. Mwaka 1940, huko Oxford, mwanasayansi Norman Heatley alikuwa akitafuta njia ya kuitoa penisilini katika maji yaliyooteshwa ukungu, yaani kuvu, bila kuiharibu. Aliyafanya maji hayo yawe na asidi kidogo na kuyatikisa na etha. Penisilini ikahamia kwenye etha. Kisha akaitikisa etha hiyo na maji mapya yenye alkali kidogo, na penisilini ikarudi kwenye maji, safi kuliko ilivyotoka. Mpaka kati ya matabaka mawili ndio uliokuwa chombo chake cha kazi. Etha, kama nilivyosema, huchangamana na maji kidogo, na bado wanakemia katika kazi ya namna hii huviita vimiminika hivyo viwili "immiscible", kwa kuwa kinachowahusu ni kwamba matabaka yanaonekana na yanaweza kutenganishwa.

Wala neno hili halina mkataba na maji. Alexander Parkes, Mwingereza, mwaka 1850 alipata hataza ya kutoa madini ya fedha yaliyomo ndani ya madini ya risasi kwa kutumia zinki. Risasi na zinki zikiyeyushwa hukaribia kutochangamana kabisa, na fedha huipenda zinki kuliko risasi. Zinki hukorogwa ndani ya risasi iliyoyeyuka, hujitenga na kuelea juu ikiwa imebeba fedha, huganda kama utando na kuenguliwa; halafu hupashwa moto hadi zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907, itoke kama mvuke na kuiacha fedha.

SWALI: Baada ya "immiscible" hutumika kihusishi gani, "in" au "with"? Na neno hutamkwaje? Mwalimu wetu hulitamka kwa sauti ya k.

JIBU: Tumia "with". Husemwa "oil is immiscible with water", yaani mafuta hayachangamani na maji, kama nasi tunavyotumia "na" kwa sababu pande zote mbili zina hadhi sawa. "In" ni kihusishi cha "insoluble", kwa kuwa pale kimoja huingia ndani ya kingine, nasi tunasema "katika". Waweza pia kuliweka kabla ya nomino, "immiscible liquids", au baada ya nomino mbili zilizounganishwa, "oil and water are immiscible". Usiliongezee "very", kwa kiasi tumia lile neno la kuchangamana kwa kiasi tulilolitaja.

Kuhusu matamshi, herufi c haisikiki kwa sauti yake, kama isivyosikika katika "science". Mkazo uko silabi ya pili: i-MIS-i-bl. Mwishoni huandikwa "-ible", si "-able". Nomino yake ni "immiscibility", ambayo kwa Kiswahili ni kutochangamana.

SWALI: Nimesoma makala ya Kiingereza iliyosema kwamba mawazo ya vyama viwili ni "immiscible". Je, hilo ni sahihi? Na kwa Kiswahili niseme ni kama maji na mafuta, au ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja?

JIBU: Ni sahihi kama tamathali, ingawa si la kila siku, Waingereza wengi wangetumia "incompatible" hapo bila kufikiri. Aliyechagua "immiscible" amekusudia picha mahususi ya watu wanaokaa pamoja, pengine chini ya paa moja, bila kuingiana na bila kudhuriana, kila mmoja katika tabaka lake.

Swali lako la pili limenifurahisha, kwa sababu misemo hiyo miwili ya Kiswahili inashika tofauti ileile tuliyokuwa tukiieleza. Mafahali wawili wakiwekwa zizi moja watapigana hadi mmoja aumie. Huo ni mkutano wenye madhara, sawa na asidi na dawa ya nguo. Maji na mafuta hukaa chupa moja kwa amani. Hivyo, kama makala inasema vyama hivyo vinaweza kushirikiana serikalini lakini kila kimoja kikabaki na itikadi yake, andika maji na mafuta. Kama inasema serikali itavunjika siku watakapoketi pamoja, mwandishi alipaswa kutumia "incompatible", nawe utumie mafahali.

Angalizo dogo kwa anayefasiri makala hiyo: wengi wetu husema "wale ni maji na mafuta" wakimaanisha maadui. Ukihofia kueleweka hivyo, ongeza maneno machache, mathalani "wanakaa pamoja lakini hawaingiani", na msomaji atakuwa nawe.